Mtakatifu Isidro Anauliza kwa Wino wa Kijani

Jumatatu, 24 Juni

Mvua imeingia, na paa la ofisi limeanza kuvuja palepale lilipoachia mwaka jana: ndoo moja juu ya kabati, beseni moja karibu na mlango. Nimefungua sanduku la maombi ya taarifa nikakuta matatu. "Bata Mzinga Mwenye Njaa" anataka kujua meya wetu ana mashemeji wangapi kwenye ajira. "Mjane wa Barabara ya Pili" anauliza lami tuliyoahidiwa ilikufa kwa ugonjwa gani. La tatu limeandikwa kwa wino wa kijani na kusainiwa "Mtakatifu Isidro Mkulima".

Sheria inasema mtu yeyote anaweza kuiuliza serikali chochote, na ni marufuku kumuuliza jina lake la kweli wala sababu yake. Aliyetunga sheria hiyo hajawahi kukaa Santiago Ixcotla. Hapa kwetu mtu akiruhusiwa kuficha jina anageuka mchekeshaji.

Huyu Isidro anataka ripoti ya uchunguzi wa mteremko wa mtaa wa La Cañada, uliofanywa miaka minane iliyopita, kurasa thelathini na saba, pamoja na ramani moja yenye mstari mwekundu. Penye kisanduku cha "Ungependa kujibiwa kwa njia gani?" ameandika: "Isomwe kwa spika, La Cañada, wote wasikie."

Kwa spika! Kama tangazo la nyama ya nguruwe! Nimecheka mpaka nikakasirika. Nina miaka kumi na mmoja katika Ofisi hii ya Uwazi, mtu mmoja, kompyuta moja, dirisha hakuna, na kila mjinga wa mji huu anadhani nimeajiriwa kumfurahisha. Nimemwandikia barua Injinia Leobardo wa Idara ya Ujenzi, kama ninavyofanya siku zote, na siku ishirini za kazi za kujibu zimeanza kuhesabiwa.

Jumatano, 26 Juni

Mvua. Injinia hajajibu. Ndoo nimeimwaga mara mbili.

Jumatatu, 1 Julai

Injinia amekuja mwenyewe, viatu vyake vya tope juu ya sakafu niliyotoka kupiga deki.

"Licenciada, huyu Isidro ni nani?" Hapa kila mwenye cheti huitwa licenciada, na changu kimetiwa fremu, kwa hiyo naitika.

"Sijui. Na sheria inanikataza kumuuliza."

"Inakukataza kumuuliza. Haijakukataza kujua."

"Injinia, uchunguzi upo au haupo?"

"Tuanze na mtu kwanza. Mtu anayejua mpaka idadi ya kurasa si mtu mwema."

Nikamwambia anijibu kwa maandishi. Akasema atajibu. Nimeshasikia "nitajibu" nyingi kwenye kiti hiki, ningekuwa nazipanda shambani ningekuwa na msitu.

Alhamisi, 4 Julai

Jamani, naandika haya ili nikizeeka nisije nikadhani niliota. Leo manispaa nzima imesimamisha kazi kutafuta kalamu ya kijani. Meya, Don Evaristo, ametoa amri asubuhi. Polisi wawili wameenda duka la vifaa vya shule kuuliza nani kanunua wino huo. Wakaenda shule ya msingi, wakamnyang'anya mwalimu wa darasa la nne kalamu anayosahihishia madaftari. Mwalimu akaja kwangu kulalamika, nikamwambia aandike ombi, akasema ataandikia nini na kalamu wameichukua.

Hakuna hata mmoja aliyefungua kabati kutafuta uchunguzi.

Ijumaa, 12 Julai

Siku kumi na nne zimehesabika. Kuanzia kesho ni likizo ya serikali, wiki mbili, na siku za likizo hazihesabiwi. Mvua yenyewe haijapewa likizo.

Alhamisi, 25 Julai

Sikukuu ya Santiago. Nimekula mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, La Cañada kwa comadre Ausencia. Nilisimama mama wa ubatizo wa binti yake miaka ishirini na nane iliyopita, ndipo tukaanza kuitana comadre, na tangu siku hiyo hatujawahi kupitisha juma bila kusutana. Juu ya paa la jiko lake ipo ile spika inayotangaza mtaa mzima: nani kachinja, nani kapoteza punda, nani kafariki. Baba yake, Don Fortino, ana miaka themanini na mmoja na mabata mzinga kumi na tisa, na anawaheshimu mabata kuliko wakwe zake.

Ausencia akanivuta jikoni kunionyesha ufa sakafuni. Mwezi wa tano ulikuwa kama uzi. Leo nimeingiza kidole.

"Comadre, wewe uko serikalini. Huu mlima vipi?"

"Kuna utaratibu, comadre. Andika ombi utie sandukuni."

Akacheka hadi akashika meza. "Mimi nikuandikie barua wewe? Wewe niliyekuona unatapika kwenye harusi yako mwenyewe? Kwa jina gani?"

"Jina lolote. Wenzako wanajiita watakatifu."

"Nikikuandikia barua mimi, ujue nimekufa," akasema, akaniongezea mole. Don Fortino alikuwa mlangoni, akasema mlima huo ulikuwepo kabla ya serikali na hauombi ruhusa kwa mtu. Tukacheka wote.

Jumatatu, 29 Julai

Kazini. Beseni lilifurika tulipokuwa likizo na faili la mashemeji wa meya limelowa. Wengine wana bahati.

Alhamisi, 1 Agosti

Hatimaye Injinia kajibu. Mistari miwili. "Baada ya kutafuta kwa kina katika idara hii, uchunguzi huo haupo. Huenda serikali iliyopita iliondoka nao." Hilo la pili linaaminika. Kila baada ya miaka mitatu wanaoondoka hubeba karatasi, na waliopita walibeba hadi feni yangu. Lakini kwa kina! Kabati la Ujenzi liko moja, na juu yake kuna sufuria ya kahawa ambayo haijasogezwa tangu Krismasi.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya ishirini. Kitu kisipopatikana, Kamati ya Uwazi hukaa na kutangaza rasmi kwamba hakipo. Kamati ni mkaguzi, katibu wa meya, na mimi mwenyekiti. Tumekaa dakika tisa. Dakika sita tumejadili mkate mtamu, kama ni wa duka la juu au la chini. Nikapitisha karatasi, nikasaini wa kwanza, nikapiga muhuri.

Nilisita kidogo, nataka liandikwe hapa. Niliukumbuka ule ufa. Halafu nikajiambia: Obdulia, Ujenzi wamesema haupo, wewe si mpimaji wa milima, na saa nane una kikao kingine.

Jumatano, 7 Agosti

Injinia ametoa nakala sitini za tangazo letu na kulibandika kila nguzo ya La Cañada. Sahihi yangu imelowa mvua mtaa mzima. Nimekwenda ofisini kwake nikiwa nimewaka.

"Nimeandika kwamba karatasi haipo. Wao wanasoma kwamba hatari haipo!"

"Wametulia, hawajatulia?"

"Wametulia kwa uongo!"

"Uongo wa nani, Licenciada? Nimebandika karatasi yako, sikuongeza hata nukta."

Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumatano, 14 Agosti

Wino wa kijani tena! Mtakatifu Isidro anasema: "Mmetangaza kwamba haupo. Naomba orodha ya mahali mlipotafuta. Kila chumba, kila kabati, na jina la aliyetafuta." Njia ya kujibiwa: spika, kama mwanzo.

Mtu huyu hana mke? Hana shamba? Nimegongesha muhuri kwa nguvu hadi mpini umepasuka.

Jumanne, 20 Agosti

Siku ya nane mfululizo ya mvua. Nguo hazikauki, mkate unaota ukungu, na mimi naota kalamu za kijani.

Jumamosi, 24 Agosti

Ausencia kapita sokoni kuniambia ufa umetoka jikoni umeingia chumbani. Don Fortino amebandika tangazo letu mlangoni mwake, akalifunika kwa nailoni lisilowe. "Anawaonyesha majirani sahihi yako," Ausencia akasema. "Anasema kama Obdulia kasaini, basi." Nikanunua nyanya nisizozihitaji ili nisimtazame usoni.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekaa kuandika hiyo orodha. Nilidhani itanichukua robo saa.

Nimeandika: "1. Idara ya Ujenzi (kwa barua)." Nimeandika "2." nikakaa nikiitazama hiyo mbili asubuhi yote. Hakuna mbili. Miezi miwili na zaidi nimelalamika kuhusu mtu asiye na kazi ya kufanya, na mimi kazi yangu yote ilikuwa kutuma barua moja na kusubiri uongo wa mistari miwili. Sheria inasema nitafute kote. Mazoea yanasema barua moja kwa idara moja, ikisema hapana, ni hapana. Kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kunyanyuka kwenye kiti hiki kwenda kutafuta kitu kwa mikono yangu. Aibu imenishika nikiwa peke yangu chumbani, hakuna hata aliyenituhumu.

Alhamisi, 5 Septemba

Masijala ya zamani iko chini ya ofisi yangu. Ngazi kumi na mbili. Leo nimezihesabu kwa sababu ni mara ya kwanza nazishuka.

Don Abundio ameitunza miaka thelathini na mmoja, Desemba anastaafu. Ni mtu wa utaratibu: pasipo barua hakuambii hata ni saa ngapi. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma juu ya gazeti, kanzu yake ya kazi imefungwa vifungo vyote.

"Don Abundio, natafuta uchunguzi wa mteremko wa La Cañada."

"Una barua?"

"Sina barua. Nimekuja mwenyewe."

Akaweka hindi chini. Akafuta vidole kimoja kimoja. Akaenda rafu ya tatu, boksi la kumi na nne, hakutafuta wala hakupapasa, akaniletea. Kurasa thelathini na saba. Nakala ya pili, ile inayobaki masijala ya kwanza ikienda Ujenzi.

"Mbona hukusema ipo?" sauti ikanipanda. "Mji mzima unaizungumzia!"

"Kwa nani? Niliwaambia kwa mdomo mameya wawili. Wakaniuliza iko wapi barua ya kuomba. Nyumba hii haimsikii mtu, Licenciada, inasikia karatasi. Kwangu hapa haijawahi kuletwa barua ya kuuliza, hata ya kwako. Nikawa nangoja mtu ashuke."

Ndipo nikatazama maboksi. Maboksi mia tatu na zaidi, na kila moja limeandikwa ubavuni kwa wino wa kijani.

Don Abundio aliniona nikitazama. Hakukwepesha macho. Polisi wamezunguka mji mzima wakinyang'anya walimu kalamu, na kalamu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa kanzu hii, chini ya miguu yetu. Sikumuuliza. Sheria inanikataza, na safari hii niliipenda sheria.

Nimesoma zote thelathini na saba nimekaa kwenye ngazi. Mlima unasogea. Nyumba zote zilizo chini ya mstari mwekundu zihamishwe kabla ya msimu wa mvua kubwa. Ya Ausencia ni ya nne kutoka juu. Ya Don Fortino ni ya tatu.

Jumanne, 10 Septemba

Meya, Injinia na mimi. Niliweka nakala mezani. Injinia hakushangaa kuiona, na hapo nikajua alijua tangu mwanzo.

"Tuifunge kama siri," akasema. "Italeta taharuki."

"Taharuki ndiyo inayotakiwa, Injinia! Watu wanalala pale!"

Don Evaristo akajisugua macho. "Licenciada, tunawahamishia wapi? Una nyumba sitini mfukoni? Na hii ni wiki ya sikukuu za taifa." Akamwita katibu. Kuanzia kesho hadi tarehe ishirini ni siku zisizo za kazi kwa maombi yote ya taarifa, muda unasimama. "Tarehe ishirini na tatu tukae, tuizungumze kwa utulivu."

Wakasaini mbele yangu. Wamesimamisha saa, kisha wakaenda kuchagua bendera za jukwaani.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua kutwa. Nimesoma sheria yote upya, ibara kwa ibara, mimi ambaye nilidhani naijua kwa moyo. Siku isiyo ya kazi maana yake sishurutishwi kujibu. Hakuna palipoandikwa kwamba nimekatazwa. Na kuna ibara inasema jibu litolewe kwa njia aliyoichagua mwombaji, ikiwezekana.

Inawezekana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilifika La Cañada saa moja asubuhi na faili ndani ya mfuko wa plastiki. Ausencia alikuwa anatangaza nyama.

"Comadre, nipishe nisome."

"Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Nipishe."

Nilisoma yote. Nilianza na namba ya ombi na jina la mwombaji, Mtakatifu Isidro Mkulima, na watu wakacheka mtaa mzima, niliwasikia. Kufika ukurasa wa tano hawakuwa wakicheka. Ukurasa wa kumi na moja unataja nyumba kwa majina ya wenyewe. Nikawa nasoma jina, mlango unafunguka. Nasoma jina, mlango unafunguka. Wakaja wakajaa uani kwa Ausencia, wamejifunika nailoni. Nilipomaliza sauti imekauka, Ausencia akachukua kipaza sauti akasema, "Mmesikia. Shule ya sekondari iko wazi. Bebeni watoto kwanza, televisheni baadaye."

Kufikia jioni nyumba hamsini na tisa kati ya sitini zilikuwa tupu.

Don Fortino hakuondoka. Nilimfuata mwenyewe. Alisimama mlangoni, akagonga ile nailoni kwa kidole.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu, Don Fortino. Nilikosea. Sikutafuta."

"Mwezi wa nane ulisema haipo, na muhuri. Leo unasema ipo, kwa spika, bila muhuri. Mimi ni mtu mzima, binti. Naamini yenye muhuri."

Nilimsihi. Ausencia alimsihi, akalia, akamtukana. Mume wa Ausencia akajaribu kumbeba, mzee akamchapa kwa fimbo. Akasema nikaulete muhuri, ataondoka. Nilishuka mjini mbio. Manispaa imefungwa kwa kufuli jipya, siku zisizo za kazi, na mlinzi hana ufunguo.

Jumapili, 15 Septemba

Saa kumi na dakika ishirini alasiri. Tulikuwa shuleni tukigawa tamale za mahindi. Kwanza mabata mzinga walipiga kelele, halafu hawakupiga tena. Mlima umechukua nyumba ishirini na sita, kutoka juu kabisa hadi kijitoni. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 18 Septemba

Tumemzika Don Fortino. Yeye peke yake. Wengine wote wako hai, na kila anayenishika mkono kunishukuru ananiumiza. Walimpata kwenye kizingiti, na mlango umemlalia. Injinia hakuja. Meya alikuja na shada. Don Abundio alikuja na kanzu yake, akasimama nyuma kabisa, akaondoka bila kuaga.

Ausencia hakunisemesha. Kwa miaka ishirini na nane hajawahi kukosa la kunisema.

Jumatatu, 23 Septemba

Kazini. Muda umeanza kuhesabiwa upya. Injinia ametumwa makao makuu ya jimbo, wanasema kwa mafunzo. Meya hajaitaja tena ile "tuizungumze kwa utulivu".

Sandukuni kulikuwa na ombi moja. Kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Halikusainiwa na bata mzinga wala mjane wala mtakatifu. Limesainiwa kwa jina kamili, la kwanza la kweli tangu niingie ofisi hii: Ausencia Tepole Marcial.

"Naomba nakala ya karatasi iliyokuwa mlangoni kwa baba yangu, kwa sababu ya kwake haisomeki. Na jina la aliyesaini wa kwanza. Na orodha ya mahali alipotafuta kabla hajasaini."

Penye njia ya kujibiwa ameandika: "Kwa mdomo. Aje aniambie."

Nimelia hadi nimelowesha fomu, nikaitandaza juu ya kabati ikauke. Halafu nimeijaza kama inavyotakiwa. Imepokelewa: leo. Karatasi ipo. Ukurasa mmoja. Aliyesaini wa kwanza: Obdulia Xicale Bautista. Mahali alipotafuta: hakuna.

Nina siku ishirini za kazi. Nimefunga ofisi, naenda shuleni sasa hivi.